Tulipowajua malenga bila majina

Zamani ukurasa wa mashairi haukukosekana gazetini, nasi barazani tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja anasoma ubeti wa kwanza huku kidole gumba kimefunika jina la mtunzi, wengine tunamtaja mwenyewe. Mara nyingi tulipatia. Na shairi lilikuwa tarbia ile ile: mishororo minne, mizani nane ukwapi, nane utao, vina vya kati na vya mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwishazichapa sheria hizo kitabuni tangu 1954. Hata hivyo, huyu ulimjua kwa kuanza na swali, yule kwa maneno yake ya bahari, mwingine kwa ukali wa kibwagizo. Wengi wao hawakujaliwa kutoa diwani. Sauti zao ziliishia kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi. Nawakumbuka kwa uchungu.

Leo mashairi ni mengi, simu inayaleta tangu asubuhi, na vijana wanatunga kwa bidii. Lakini nikifunika jina, sipati tena. Machozi yale yale, mwezi ule ule, Kiswahili kisicho na kwao.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye vina. Sikubaliani nao. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, alivitupa vina na mizani, na wakongwe wakasema hayo si mashairi. Lakini nani angemchanganya na mtu mwingine? Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka wake *Kenya: Twendapi?*, yeye alishika vina na mizani gerezani, akatunga *Sauti ya Dhiki* kwa Kimvita chake. Haji Gora Haji naye aliingia kwenye ushairi na Utumbatu wake wote. Umbo halikumpa yeyote kati yao sauti, wala halikumnyima. Kila mmoja alisema yaliyomkaa rohoni kwa kinywa chake.

Nyinyi mnaotunga sasa, nawaombeni: wasomeni wakongwe, wakaririni hata, ila mkikaa kutunga anzeni na maneno ya kwenu. Kama bibi yako alisema Kipemba, kiache Kipemba kiingie. Kama umekulia Buguruni, tuisikie Buguruni. Msituletee machozi ya kuazima.