Barua kutoka Ughaibuni: Umeme wa Jirani Ulipita Kwangu



Naishi Leeds, Uingereza. Mtaani kwetu hakuna nguzo wala nyaya za kunguru kutulia. Umeme wote uko ardhini. Ndiyo maana niliishi hapa miaka mingi bila kujua kwamba umeme wa jirani unapita kwanza nyumbani kwangu. Nyumba zetu ni pacha, za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mafundi wa enzi hizo walibana matumizi: waya mmoja kutoka barabarani hadi fyuzi kuu ya nyumba moja, kisha kipande kikachepuka kwenda ya pili. Walikuwa wakifikiria taa na redio.

Sasa jirani kanunua gari la umeme. Chaja yake ya kilowati 7 huvuta ampea kama 30 kwa saa nyingi mfululizo. Waya unaolisha nyumba mbili hauongezewi mzigo wa namna hiyo hivi hivi, kwa hiyo akaambiwa atenganishwe nami, apate waya wake.

Aanzie wapi? Huku hakuna shirika moja la umeme kama TANESCO ya Tanzania. Sheria ya mwaka 1989 ilibinafsisha umeme, na leo kampuni moja inamiliki waya mpaka kwenye fyuzi kuu, nyingine inakuuzia umeme na kusimamia mita, na nyaya za baada ya mita kuingia ndani ni mali yako. Muuzaji unaweza kumhama. Mwenye waya humhami, maana eneo zima ni lake. Jirani alianza kwa muuzaji, akazungushwa weee, hadi alipofika kwa mwenye waya!

Njia fupi ya waya mpya ilikatiza bustani yangu. Hapo ndipo makaratasi yalipoanza. Kuna kibali cha kawaida cha kupitisha waya, ambacho hakimfungi atakayenunua nyumba yangu. Kuna pia haki inayosajiliwa kwenye hati ya ardhi, hiyo hata wajukuu wataikuta. Ukikataa kabisa, kampuni ya waya inaweza kumwomba waziri ailazimishe. Mimi sikukataa. Niliuliza tu kwa nini mtaro usipite upande wa jirani, ingawa ni mrefu zaidi. Mpimaji wa kampuni akatazama, akakubali. Kumbe kuuliza kunatosha!

Siku ya kazi mafundi walipitisha kifaa cha kunusa nyaya, wakachora rangi kwenye njia ya miguu, wakachimba kwa koleo polepole. Fundi alivaa glavu nene za mpira akaunga waya umeme ukiwa unapita. Hakuna nyumba iliyozimika. Sisi tuliozoea mgao wa umeme tulisimama dirishani kutazama. Kipande cha zamani wamekikata na kukiacha kimekufa ardhini mwangu.

Wenzangu mnaotaka kununua nyumba za zamani huku, fungueni kabati la mita kwanza. Mkiona nyaya mbili nene zinaingia kwenye fyuzi kuu, ulizeni ya pili inaelekea kwa nani kabla hamjatoa hela.