Jina la Pakiti Mpya: Barua kwa Mpwa Wangu wa Konoin

Mpwa wangu Cherotich,

Barua yako imenifikia, pamoja na ile karatasi yenye majina manne ambayo kikundi chenu kimeyapendekeza kwa pakiti mpya ya chai ya zambarau. Kwanza nakupongeza kwa kazi yenyewe, maana mmefanya jambo gumu. Zamani mliyakatakata majani kwa mashine mkayachachusha kama chai nyeusi ya kawaida, na rangi yote ikapotea. Sasa mnachuma majani mawili na chipukizi tu, mnayasokota bila kuyaponda, na mnayakausha mapema ili rangi yake ibaki hadi kwenye kikombe. Hiyo ni bidhaa bora kwa kila kipimo. Majina, hata hivyo, yamenitia wasiwasi. Matatu kati ya hayo manne yanausemea mwili wa mnywaji: moja lina Afya ndani yake, la pili Tiba, la tatu Nguvu. La nne limetia neno Gold mwishoni. Hakuna hata moja linalomwambia mnunuzi mmebadilisha nini. Mimi naamini kwamba jina la bidhaa iliyoboreshwa halina budi kutaja kazi iliyofanywa kwenye jani, na lisitoe ahadi yoyote kuhusu mwili wa mtu. Nivumilie nikueleze sababu zangu, kwa kuwa ni nyingi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote unatoka kwa Brooke Bond, kampuni ile ile iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kulima chai ya biashara Kericho katika miaka ya 1920. Mwaka 1930 ilitoa Uingereza chai iliyoitwa Pre-Gest-Tee, jina lililotungwa ili mnunuzi aamini kwamba akiinywa kabla ya kula, chakula kitasagika vizuri tumboni. Wenye maduka na wachuuzi waliosambaza chai kwa magari waliliona refu mno wakalifupisha kuwa PG. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kanuni za lebo zikakataza kuuza chai kwa madai kwamba inasaidia tumbo. Ahadi ile ikafa kwa amri ya serikali, na jina lililojengwa juu yake likafa nayo. Herufi mbili zilizotoka vinywani mwa wauzaji ndizo zilizosalia, na kampuni ikaziongezea neno Tips, yaani ncha za mchai, majani mawili ya juu na chipukizi. Jina hilo la PG Tips lipo madukani hadi leo. Tazama kilichodumu na kilichokufa. Dai kuhusu tumbo la mnywaji lilidumu muda mfupi. Neno linalotaja jinsi jani linavyochumwa, tendo ambalo mama yeyote wa Litein au Mogogosiek analijua kwa vidole vyake, limepita miaka sabini.

Najua utakachojibu. Utasema kwamba watafiti wenyewe ndio walioisifu zambarau, na kwamba pale kwenye kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil walipotoa aina ya TRFK 306/1 mwaka 2011 walieleza wazi kwamba ina anthosianini nyingi, kemikali inayolipa jani rangi yake na ambayo wanasayansi huihusisha na manufaa kwa mwili. Ni kweli, na sina ugomvi na maabara. Lakini kemikali kuwamo kwenye jani ni jambo moja, na kikombe kimoja kumponya mtu ni jambo jingine kabisa; umbali kati ya hayo mawili hauvukwi kwa kuandika Tiba kwenye pakiti. Sheria yetu ya chakula na dawa, Sura ya 254, inakataza lebo inayompotosha mnunuzi kuhusu asili, thamani au ubora wa chakula. Afisa wa afya ya umma akiingia dukani Sotik na kuikuta pakiti inayojiita tiba, ana haki ya kuuliza inatibu nini, na hamtakuwa na jibu la kuandika kwenye karatasi. Vilevile fikiria mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu atakayeacha dawa zake kwa sababu ya neno lenu. Kwangu mimi hilo linazidi uzito hofu ya faini.

Tena zao hili limekwisha kuumizwa na ahadi mara moja. Wakulima walioipanda zambarau baada ya 2011 waliahidiwa bei ya juu kuliko ya majani ya kijani, lakini viwanda vingi havikuwa na mtambo wa kuisindika peke yake, na majani yakapimwa na kulipwa sawa na mengine. Wako waliong'oa michai. Wanachama wenu wanajua habari hizi kuliko mimi, na baadhi yao nadhani bado wana machungu. Mkiwaletea jina jipya lenye ahadi nyingine kubwa, hata wao wenyewe hawataliamini kwa moyo, na mtu asiyeamini jina la chai yake hawezi kumuuzia jirani.

Swali la pili uliloniuliza ni kama mliache jina la zamani, lile la ndege aliyechorwa kwenye pakiti, mwanze upya. Hapa mfano mzuri uko kwa wenzetu wa kahawa. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa walitoa Ruiru 11, aina inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, wakaipa jina la mahali ilipozaliwa. Walipotoa aina nyingine mwaka 2010, yenye mti mrefu na ladha iliyowaridhisha zaidi wanunuzi, hawakuiita Ruiru 12. Waliiita Batian, kwa kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Nadhani walifanya vyema, kwa kuwa ule ulikuwa mmea tofauti, na baadhi ya wanunuzi walikuwa na shaka na kikombe cha Ruiru 11. Jina jipya liliikinga Batian dhidi ya shaka hizo. Kwa upande mwingine mbegu za mahindi za Kitale zimeendelea na tarakimu tangu 611 ya mwaka 1964, na wakulima wa Bonde la Ufa huitaja 614 kama wanavyomtaja jirani. Sisi wa chai nasi tuna 6/8 na 31/8 na BBK 35 midomoni kila tunaponunua miche. Tarakimu zinamtosha mkulima kwa sababu anaujua mmea shambani. Mnywaji hana shamba, kwa hiyo usimpelekee 306/1 kwenye pakiti. Basi jiulizeni swali moja tu: je, jina la ndege limechafuka? Kwa maelezo yako, halijachafuka. Watu wa Bomet na Kapkatet wanaingia dukani wakisema wapewe ile ya ndege. Mchai ni ule ule, shamba ni lile lile, wachumaji ni wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kuchuma na kusindika. Kumtupa ndege ni kutupa miaka ya uaminifu na kujianzia deni jipya.

Uaminifu huo ndio mali yenyewe, na mnada wa Mombasa unauthibitisha kila wiki. Viwanda vyetu vya Kapkoros, Tirgaga, Momul na vinginevyo vinauza kila kimoja kwa alama yake, na mnunuzi wa Misri au Pakistani ambaye hajui njia ya kufika Bomet anapanga bei kwa kuonja sampuli na kwa kukumbuka alama ile ilimletea chai gani miezi iliyopita. Hakuna alama hata moja kati ya hizo inayojisifu kwa neno bora. Ketepa nayo, iliyoanzishwa Kericho mwaka 1977, jina lake ni kifupi tu cha kampuni ya kupakia chai. Halina sifa wala shairi ndani yake, na bado mtu kibandani hulitamka bila kufikiri. Jina hupata utamu kutokana na kilichomo ndani kwa muda mrefu. Hata katika jina Brooke Bond hapakuwa na Bwana Bond yeyote. Arthur Brooke, aliyefungua duka lake Manchester mwaka 1869, aliliongeza neno hilo mwenyewe, na chai ndiyo iliyolijaza maana.

Katibu wenu, ambaye umeniandikia hoja zake kwa uaminifu, ana pingamizi la maana ambalo lazima nilijibu. Anasema kwamba neno linaloeleza bidhaa haliwezi kuwa mali ya mtu: mkiandika jinsi mnavyochuma, kesho kikundi cha ng'ambo ya mto kitaandika vivyo hivyo, nanyi hamtakuwa na pa kushtaki. Yuko sahihi kuhusu sheria. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, haitoi kwa urahisi umiliki wa neno linalotaja moja kwa moja sifa au ubora wa bidhaa, wala jina la mahali panapojulikana. Lakini angalia kwamba pingamizi hilo linayapiga majina yenu pia, maana Afya na Nguvu ni sifa. Suluhisho ni jina lenye sehemu mbili. Ndege ndiye mali yenu: neno ambalo halihusiani na chai kwa vyovyote, pamoja na picha yake, ndilo la kupeleka KIPI, ofisi inayosajili alama za biashara, liandikishwe, na likikubaliwa mtakuwa nalo kwa miaka 10 kisha mlihuishe. Neno la pili, linalotaja kazi, liacheni liwe la umma. Anayetaka kuchuma majani mawili na chipukizi na kuandika hivyo, aandike. Hatakuwa na ndege wenu. Ndivyo PG Tips ilivyosimama, herufi mbili za mwenyewe na neno moja la wote.

Kuhusu Gold, najua mmeitazama Kericho Gold mkaona jinsi ilivyofika mbali, hadi rafu za nchi za nje. Naiheshimu. Lakini ile ina kampuni kubwa ya Mombasa nyuma yake, na imelitangaza jina kwa miaka mingi mpaka likawa lake. Kikundi chenye kikaushio kimoja kikiandika Gold leo, mnunuzi atadhani mnamwiga mwenzenu, na wakili wa mwenzenu anaweza kudhani hivyo pia. Maneno kama Mpya, Plus na Super yana kasoro nyingine. Mwakani haitakuwa mpya, na mkiboresha tena mtaandika nini? Wapo pia watakaosisitiza Kiingereza kwa ajili ya mnunuzi wa nje. Mimi sioni haja. Mnunuzi wa nje anayetafuta chai ya kikundi kidogo anataka ajue imetoka wapi, na Kiswahili chenye silabi wazi hakimshindi kutamka. Maelezo ya Kiingereza yakae ubavuni mwa pakiti, pamoja na onyo kwamba chai hii haichemshwi na maziwa kama ile ya kila siku, kwa kuwa maziwa huizima rangi mliyoitafuta kwa taabu.

Pendekezo langu basi ni jina la ndege wenu likifuatwa na Chipukizi. Ni jina ambalo mchuuzi akilikata, kama wale wa Uingereza walivyoikata Pre-Gest-Tee, bado litabaki ama ndege ama chipukizi, na yote mawili yatamfikisha mteja kwenye pakiti yenu. Litamkeni kwa simu yenye mtandao mbovu mwone kama linasikika. Waulizeni majirani wa upande wa Nyamira, wa Narok na wa Nyakach kama lina maana mbaya kwao, maana huko pia mtauza.

Sasa sikiliza sharti linaloambatana nalo, kwa kuwa ndilo gumu. Mvua za masika zikija, michai itachipua kuliko mikono iliyopo, na wanachama wataleta majani matatu, manne, na vijiti. Siku hiyo karani wa kituo lazima ayarudishe, hata kama ni ya mwenyekiti, au yapelekwe kiwandani na majani ya kawaida. Na ikiwa siku moja mtanunua mashine ya kuchumia, na unajua mabishano ambayo mashine hizo zimeleta Kericho, hakikisheni kwanza kwamba inaweza kuchuma kwa kiwango hicho. La sivyo neno litoke kwenye pakiti siku hiyo hiyo. Andikeni hayo kwenye katiba ya kikundi kabla ya kumlipa mchapishaji, na mseme kwa jina ni nani mwenye mamlaka ya kukataa majani. Mkutano wenu ukishindwa kukubaliana juu ya mtu huyo, msichapishe Chipukizi. Endeleeni na ndege peke yake hadi mkubaliane. Nitumie mchoro wa pakiti utakapokuwa tayari, pamoja na maneno ya ubavuni, niyapitie kabla hayajakwenda KIPI.

Nisalimie mama yako na wanakikundi wote.

Ni mimi mjomba wako.