Habari za Mgonjwa Aliye Mbali

Ugonjwa humlaza kitandani mtu mmoja, lakini huwanyima usingizi na wengine wasio na homa. Hao ndio ninaotaka kuwanena leo: mama, mke, watoto na ndugu za mtu aliye katika chumba cha wagonjwa mahututi, nao wako mbali naye. Maana mgonjwa ana watu wa kumpimia dawa, bali hofu ya jamaa zake mara nyingi haina wa kuitazama.

Hapa Mandewa twaijua taabu hii, kwa kuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida iko kwetu. Watu huletwa toka Iramba, Mkalama na Ikungi. Tena wako wanaopelekwa mbele zaidi, Dodoma, mwendo wa kilomita 240 hivi, au Dar es Salaam, yapata kilomita 700. Nauli hutosha mtu mmoja au wawili. Waliosalia hubaki na simu tu. Na chumba chenyewe si kama wodi nyingine. Saa za kuingia ni chache, na ndani mna mashine za kupumulia na vyombo vinavyolia mchana na usiku. Asiyeelezwa maana yake hudhani kila mlio ni wa mauti.

Mwaka 2022 kaka yangu alilazwa katika chumba cha namna hiyo, mbali na hapa, baada ya ajali ya pikipiki. Mkewe alikwenda naye; mama yetu, ambaye miguu yake haiwezi safari, akabaki kwangu. Siku tatu za kwanza zilikuwa chungu. Simu zilipigwa toka pande zote, na kila moja ilikuja na neno lake. Mpwa mmoja alisema mgonjwa amekunywa uji. Wa pili alisema hajafumbua macho. Wa tatu akatuma rambirambi, naye kaka yu hai bado. Shemeji alikuwa akijibu watu ishirini kwa siku, hata hakupata kupumzika. Mama naye, kila simu ilipolia, alishika kifua. Wahenga walinena, lisemwalo lipo, kama halipo laja, naye aliwasadiki.

Siku ya nne muuguzi mmoja alimwambia shemeji, "Chagueni mtu mmoja wa nyumbani. Daktari ameruhusu, nami kila siku saa kumi alasiri nitasema naye, nawe ukiwapo." Nikachaguliwa mimi, na mama akaketi karibu yangu. Yule muuguzi hakupamba maneno. Alisema, "Leo bado mashine inamsaidia kupumua. Hajapata nafuu, wala hajazidiwa." Mama akauliza jambo ambalo mimi nisingalilifikiri: "Mwanangu, nani humgeuza ubavu?" Akajibiwa, "Sisi, mama, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku." Usiku ule mama alilala. Habari haikuwa njema, lakini ilikuwa ya kweli, nayo ilikuja kwa saa yake. Siku nyingine shemeji aliiweka simu sikioni mwa mgonjwa, na mama akamwombea kwa Kinyaturu. Kama alisikia, Mungu ajua.

Siku ya kumi na moja kaka alifariki. Neno hilo halikuletwa kwa mama kwa simu. Niliambiwa mimi, nikamwita shangazi na mzee wa kanisa, tukaingia kwake pamoja, tukaketi, ndipo tukamwambia. Alilia sana. Baadaye alisema, "Hata hivyo maneno yangu yalimfikia."

Wataalamu nao wameyachunguza mambo haya. Mwaka 2007 zilitolewa habari za uchunguzi uliofanywa katika vyumba 22 vya wagonjwa mahututi huko Ufaransa, juu ya jamaa za wagonjwa 126 waliokuwa karibu kufa. Jamaa wa kundi moja waliambiwa habari kwa desturi ya siku zote. Wa kundi la pili walipewa kijitabu, na madaktari wakakaa nao zaidi na kuwaacha waseme: nao walisema kwa kadiri ya dakika 14, hali wale wa kwanza walisema dakika 5. Baada ya siku 90 wengi wao waliulizwa hali zao kwa simu. Katika kundi la kwanza, watu 69 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za moyo uliojeruhiwa na kitisho. Katika la pili, 45. Basi dakika chache za kusikilizwa zina nguvu baada ya miezi mitatu.

Tena mwaka 2020, wakati wa korona, hospitali nyingi duniani ziliwafungia jamaa milango. Huko Uingereza watu wa King's College London na hospitali ya St Thomas' walianzisha kazi iliyoitwa Life Lines, wakagawa tableti katika hospitali nyingi, ili mgonjwa na watu wake waonane, kila mmoja akiwa mahali pake.

Nasi Wakristo twamkumbuka yule diwani wa Kapernaumu. Watumishi wake hawakumngoja afike nyumbani. Walimlaki njiani na habari za mwanawe, maana walijua moyo wa baba hauwezi kungoja.

Basi nawashauri hivi. Kwanza, ukoo uchague mtu mmoja wa kupokea habari, na wengine wote waulize kwake. Wauguzi hawawezi kumweleza kila apigaye simu, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni amana. Pili, ombeni saa moja iliyo maalumu, maana afadhali neno moja la hakika kuliko simu ishirini za kubahatisha. Tatu, ulizeni bila haya: mashine ile ni ya nini, je, anaumia, nani yuko naye? Nne, msipige picha ya mgonjwa na kuitawanya. Tano, neno la msiba lipelekwe kwa miguu, na watu wa kukaa na mfiwa.

Wazee husema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, sisi tulio mbali hatuwezi kuuondoa ugonjwa. Lakini yule mama anayekesha Mandewa, au Mkalama, au po pote, anaweza kuambiwa kweli, kwa upole na kwa saa yake. Na kazi hiyo haihitaji daktari peke yake.