Mifupa ya Mbuta Obunga

Mtoto wa kaka yangu yuko chuo kikuu. Mwezi uliopita aliniletea insha yake kuhusu haki za binadamu hapa Kisumu, nami nikaisoma mara mbili. Mauaji ya 1969 yalikuwemo, na ya 2008, na Samantha Pendo, mtoto mchanga wa Nyalenda aliyeuawa na polisi. Aliandika kwa uchungu wa kweli. Lakini Ziwa Victoria halikutajwa, wala chakula. Nikamwuliza mbona hakugusa hata mgongo wazi. "Waya," yaani shangazi, akasema, "mgongo wazi ni kitu gani?"

Msichana aliyezaliwa na kulelewa Kisumu! Basi na aandikiwe, yeye na wenzake.

Mgongo wazi ndicho kilichobaki samaki aitwaye mbuta alipokwisha kutolewa minofu: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa. Minofu iligandishwa kiwandani ikasafirishwa ng'ambo. Mifupa ilisukumwa kwa mikokoteni hadi mtaa wa Obunga.

Obunga kulikuwa na mama mmoja tuliyemwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo desturi. Kabla jua halijakuwa kali alikuwa ameshaiosha mifupa na kuitandaza juu ya vichanja, huku akifukuza nzi kwa tawi la mti. Mchana aliwasha kuni chini ya karai pana kama beseni la kuogea, na mafuta yakianza kulia, mtaa mzima ulijua. Harufu ile haikuwa ya samaki tu. Ilichanganyika na moshi, na mafuta yaliyokaangiwa jana na juzi, na chumvi. Iliingia kwenye nywele, kwenye mablanketi, kwenye sare za shule. Ukiingia darasani mwenzako alijua umelala mtaa gani.

Aliuza kwa utaratibu wake mwenyewe. Vichwa vikubwa, vyenye nyama mashavuni, aliviweka kando kwa wajane na kwa wazee wanaotaka mchuzi. Mafundi wa soko la Kibuye walipewa migongo minene kwa sababu walilipa taslimu. Sisi wanafunzi tulipata mikia, na aliyekosa senti alikata kuni. Hakuna mtoto niliyemwona akiondoka pale mikono mitupu. Ugali, sukuma na mgongo wazi ulioungwa kwa nyanya: hicho kilisomesha watoto wengi wa mji huu, wakiwemo wengine ambao leo hawataki kukumbushwa.

Wenzangu wanabishana ni mwaka gani karai lile liliwekwa pale. Mmoja anasema 1984, mwingine 1986. Sina haja ya kuwaamua.

Ninachokijua ni kwamba siku hizo tulikuwa na somo la Elimu ya Jamii na Maadili, lililokuja na mfumo wa elimu wa 8-4-4. Mwalimu alitufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Mvulana mmoja akanyoosha mkono: "Samaki wa ziwa ni wa nani?" Mwalimu hakumfokea. Aliliandika swali ubaoni, na kipindi kizima tukaligombania. Miaka yote hii sijasikia swali la haki lililo bora kuliko hilo.

Maana nyanya yangu hakula mifupa. Alikula samaki wa ziwa: ngege, ningu, mumi, na fulu wadogo aliowaanika juani. Fulu hakutamaniwa na mwenye pesa yeyote, kwa hiyo maskini hakunyimwa. Kisha mbuta akaingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala Ghuba ya Winam, amewameza fulu kwa mamilioni. Viwanda vikafuata. Pesa ziliingia, sikatai. Vijana walipata kazi, nyumba zikaezekwa mabati. Lakini samaki mzima alipanda bei hadi mama aliyeishi umbali wa kutembea kutoka majini akawa hamwezi. Akaachiwa mifupa, na hakuna askari aliyefyatua hata risasi moja.

Hilo ndilo nililotaka mtoto wa kaka yangu alione. Haki inayoporwa kwa bunduki huacha maiti, na majina, na tarehe ya kukumbuka. Inayoporwa kwa bei haina tarehe.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Watengenezaji wa chakula cha mifugo wakaitaka hata mifupa, ikapanda bei. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga soko kwa kuhofia afya ya walaji wake, hadi ikaridhika ndipo ikafungua tena. Gugumaji likaziba ghuba. Samaki walipopungua, jaboya ikashika mizizi ufuoni: ili mwanamke apate samaki wa kuuza, kwanza alale na mvuvi. Ukimwi ukapita njia hiyo hiyo. Mwaka wa 2011 akina mama wa ufuo wa Nduru walianza kumiliki mashua zao wenyewe ili wasimpigie mtu magoti. Mafuriko ya 2020 yakawafurusha. Leo unaingia sokoni Kisumu, mji wa samaki, unauziwa ngege wa China aliyegandishwa. Inaniudhi, na sitaacha kuudhika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 lilishataja chakula katika kifungu cha 25. Sheria ipo. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya haki Kisumu aende ufuo wa Dunga alfajiri mashua zinapotia nanga. Aulize nani anamiliki nyavu, nani anashika mizani, nani anapanga bei, na mwanamke aliyesimama na beseni amelipa kwa kitu gani. Kisha majibu hayo ayapeleke bunge la kaunti, na ikibidi mahakamani, kwa sauti ileile tunayodai kura zetu.