Jina la Chuo na Mlango wa Kazi

Ifakara, Kilombero

Mpwa wangu mpendwa,

Umechaguliwa kusomea udaktari hapa Ifakara, Chuo cha St. Francis, nawe unataka kuiacha nafasi hiyo usubiri Chuo cha Muhimbili mwakani, ukihofu kwamba waajiri hawatakithamini chuo cha mkoani. Hofu hiyo siidharau. Jina la chuo lina uzito, ila uzito huo huzidi pale ambapo mwajiri hana kipimo kingine cha kumjua mwombaji. Kampuni ya Dar es Salaam iliyofurikiwa na barua za wahitimu wa biashara inaweza kuanza kuchuja kwa jina tu. Daktari ana vipimo vingine: utarajali wa mwaka mzima chini ya macho ya mabingwa, kisha leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Hapo wa Muhimbili na wa Ifakara huulizwa jambo moja, kama wanaweza kumhudumia mgonjwa.

Kwa hiyo tazama chuo kitakupa nini kabla hujafika huko. Hospitali ya Rufaa ya St. Francis inapokea wagonjwa wa bonde zima la Kilombero, na mwanafunzi mwenye bidii hakosi cha kujifunza wodini. Karibu yake ipo Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi. Utafiti wake wa vyandarua uliofanyika Kilombero na Ulanga miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa, hata vikiuzwa kwa wananchi wa kawaida, huokoa maisha ya watoto wadogo. Kwa watafiti wa malaria, hata wa Basel na London, Ifakara si jina geni. Lakini taasisi na chuo ni vitu viwili. Ujirani huo hautakufaa usipobisha hodi mwenyewe.

Utaniambia kwamba chuo kikubwa humpa mtu marafiki wa kumshika mkono. Ni kweli. Hata hivyo, wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 utafiti wa Marekani ulioonyesha kuwa vijana wenye uwezo unaolingana walipata kipato kinachokaribiana, hata waliosoma vyuo visivyo na sifa kubwa. Ila watoto wa familia maskini ndio walionufaika zaidi na vyuo vya sifa. Hilo linatugusa sisi tusio na ndugu wizarani. Ungekuwa umechaguliwa vyuo vyote viwili, ningekuambia nenda Muhimbili bila kusita. Lakini ulichonacho mkononi ni kimoja, na mwaka wa kusubiri hauna dhamana ya nafasi wala ya mkopo.

Jambo nisilolifanyia mzaha ni ithibati. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Hakikisha hali ya chuo na ya programu yenyewe kwa TCU, uliza wanafunzi wa mwaka wa tano wanaingia wodini mara ngapi kwa wiki, na majibu yakikuridhisha, thibitisha udahili wako kabla dirisha halijafungwa. Nauli na vitabu vya mwanzo tutazungumza na mama yako.

Mjomba wako