Nani Atamuuliza Mzee Wakiwa Wawili tu?

Hapa Leicester, Uingereza, kabla sijaruhusiwa kumhudumia mzee yeyote nyumbani kwake, rekodi yangu ya polisi ilichunguzwa, nikaleta wadhamini, kisha nikafundishwa kumgeuza mtu kitandani, kumlisha aliyepooza na kutunza siri zake. Kampuni yoyote inayotoa huduma hii lazima isajiliwe na Care Quality Commission, chombo kilichoanza kazi mwaka 2009. Wakaguzi wake huipa kampuni daraja moja kati ya manne, na ripoti yao inasomwa na yeyote anayetaka. Kila ninapoingia naandika: dawa zimetolewa saa ngapi, mzee kala nini, ngozi ya kiunoni ikoje.

Kwetu Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, mzee aliyepata kiharusi akiruhusiwa hospitali hupakiwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya watu wawili, akafikishwa Heru Juu au Nyakitonto na kukabidhiwa kwa mjukuu. Mara nyingi ni msichana ambaye angestahili kuwa darasani. Hakuna aliyemwonyesha lolote. Anampenda bibi yake, na kwa upendo huohuo anamnywesha uji akiwa amelala chali, asije akamsumbua kwa kumwinua. Uji unapita njia ya hewa, mapafu yanaugua, na msibani tunaambiwa ilikuwa homa. Kumwinua akae wima wakati wa kula, na kumwacha hivyohivyo kama nusu saa baada ya kumeza, hakugharimu hata shilingi. Kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia kunahitaji mikono tu, na mikono kwetu Uha tunayo.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa huku wanaosema nyumbani hakuna huduma kwa sababu hakuna fedha. Vitanda vya umeme na mashine za kunyanyulia wagonjwa ni vitu vizuri, lakini vidonda vingi nilivyoviona wilaya jirani ya Kibondo vingezuiwa na mtu aliyefundishwa kwa siku moja.

Wala nisiwapambie Uingereza. Ziara nyingine hupangiwa dakika 15. Katika dakika hizo namwosha mzee, namvalisha, nampa dawa, na ninapofunga mlango najua hatasikia sauti ya mtu hadi jioni. Mama yangu mkubwa kule kijijini hajawahi kukaa saa nzima bila mtu kupita kumjulia hali, awe jirani, mjumbe au mtoto aliyetumwa chumvi. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa tegemeo la msingi la matunzo ya mzee, na ni sawa. Tatizo ni kwamba familia hiyo haifundishwi wala haikaguliwi, na anayeumia ndani yake hana pa kusemea.

Hapa ndipo ninapouona ubora wa kweli wa huku. Mkaguzi au ofisa wa ustawi wa jamii anaweza kuomba kuzungumza na mzee faragha, mimi nikiwa nje. Anamuuliza kama anaogopa mtu, kama analazwa akiwa mchafu, kama hela zake zinamfikia. Kwetu swali hilo nani ataliuliza? Mtoto aliye mbali anapiga simu, simu inashikwa na yuleyule anayemtunza, na spika imewashwa. Mama atajibu nini zaidi ya "sisi wazima"?

Mfano wa kufuata hauko mbali. Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, zilizowekwa ndani ya wilaya hizihizi mbili za Kasulu na Kibondo, HelpAge International imefanya kazi na wakimbizi wenyewe kuwafuatilia wazee kwenye makazi yao. Na miaka ya 2000 vijiji vyetu viliwazoea wahudumu wa majumbani waliowatembelea wagonjwa wa UKIMWI, watu wa kijiji hichohicho waliopewa mafunzo na begi la vifaa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Wakifika Kasulu na Kibondo, kwenye kazi zao pamoja na chanjo na wajawazito, aandikwe na mzee aliyelala ndani.

Kwetu, nyumbani kwa mama yangu anayeuguzwa na ndugu, tumeanza na daftari la kurasa 96 lililofungwa kamba ukutani. Shangazi analala kwa mama usiku, binti aliyekuwa akimtunza amerudi shule, na dawa za presha zinatiwa alama kila asubuhi. Muuguzi wa zahanati akipita hulisoma na kuangalia mgongo wa mgonjwa. Lakini muuguzi huyo ana zahanati nzima ya kuhudumia, na hajawahi kupata nafasi ya kufunga mlango akakaa na mama wakiwa wawili tu. Hiyo kazi kijijini kwetu bado haina mwenyewe, na halmashauri ndiyo ninayoiomba iipe mtu wa kuifanya.