Pampu Iliyovuta Hewa

Kisima cha nyumba ya mchungaji tunayoishi hapa Singida kinakwenda chini mita 9. Kilichimbwa kwa mikono na washarika waliotutangulia, kikajengewa pete za zege, na baadaye ikafungwa pampu ndogo ya umeme ya kupandisha maji kwenye tangi la lita 2,000. Majirani nao huchota hapo. Mwaka jana, mwezi wa kumi, nyasi zikiwa zimekauka na mvua bado ziko mbali, tuliwasha pampu asubuhi ikanguruma kama kawaida, lakini tangini halikuingia hata tone.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kuichunguza pampu. Tulitafuta wa kumlaumu. Tunaishi na kijana wa kidato cha tatu, mtoto wa kaka yetu, na kazi ya kuwasha na kuzima pampu ilikuwa yake. Tulimwita tukamwambia kwamba ameiacha ikizunguka bila maji hadi imeharibika. Akasema, "Hapana, Baba mdogo, niliizima mwenyewe." Tukamwambia asibishane na wakubwa. Akanyamaza, akafunga madumu kwenye baiskeli, akaenda kutafuta maji. Kwa siku nne alifanya hivyo alfajiri kabla ya kwenda shule, nasi kila jioni tukaongoza sala ya nyumbani kana kwamba hakuna neno.

Fundi wa kwanza tuliyemwita aliitazama pampu kwa dakika chache, akabadilisha kapasita, akapokea fedha yake, akaondoka. Maji hayakuja. Siku ya nne akaja mzee mmoja ambaye amefanya kazi ya mabomba maisha yake yote. Huyu hakuigusa pampu kwanza. Alianza na kisima. Aliteremsha kamba yenye jiwe, akaivuta, akapima mahali ilipoanzia kulowa. Maji yalikuwa mita 5 na nusu chini. "Kisima chenu hakina tatizo," akasema. "Maji yapo, tena yako karibu."

Kisha akatueleza jambo ambalo, pamoja na masomo yetu yote, hatukuwahi kulifikiri. Pampu inayokaa juu ya ardhi haiyavuti maji kama mtu anavyovuta ndoo kwa kamba. Kazi yake ni kupunguza mgandamizo ndani ya bomba. Hewa iliyotuzunguka, ambayo inaulemea uso wa maji kule kisimani, ndiyo inayoyasukuma maji yapande kujaza nafasi hiyo. Ndiyo maana pampu ya namna hii ina mpaka wake. Hata ingekuwa kamilifu, usawa wa bahari haivuki kama mita 10, na katika nyanda za juu kama zetu ni pungufu ya hapo. Mafundi hawapendi kuipa zaidi ya mita 7. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo, kwa kawaida inatakiwa pampu ya kuzamisha majini.

Tena pampu hii haiwezi kuanza ikiwa tupu. Ni lazima kwanza uifungue kizibo cha juu, uijaze maji yenyewe pamoja na bomba lake, ndipo uwashe. Tulikuwa na nusu ndoo tu jikoni. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye kwa miaka mingi amechota kwetu, alisikia mazungumzo akaja na ndoo mbili za maji aliyokuwa ameyanunua asubuhi ile. "Chukueni, Baba mchungaji," akasema. "Kisima kikitoa, mtanirudishia." Tuliona aibu kuyapokea, lakini tulikuwa hatuna lingine la kufanya.

Fundi alimimina hadi maji yakafika mdomoni mwa pampu, akasubiri. Hayakushuka. Kwa hiyo valvu ya chini, ile inayokaa mwisho wa bomba kisimani kuzuia maji yasirudi, ilikuwa nzima. Akafunga kizibo, akawasha. Pampu ikatema maji mara mbili yakiwa yamechanganyika na mapovu, kisha ikaendelea kunguruma bila kitu. "Inakunywa hewa," akasema. "Kuna mahali bomba linavuja."

Tulikagua bomba lote lililo juu ya ardhi. Kila kiungo kilikuwa kikavu. Tukamwambia hakuna panapovuja. Mzee akatabasamu. "Mchungaji, upande wa kutoa maji ukivuja, utalowa miguu. Upande wa kuvuta ukivuja, hutaona hata tone. Hautoi maji nje, unaingiza hewa ndani."

Akaomba sabuni ya unga, akakoroga povu zito, akalipaka kwenye kila kiungo pampu ikiwa inazunguka. Povu lilikaa juu ya kiungo cha kwanza, na cha pili, na cha tatu. Kwenye elbo iliyo nyuma ya pampu, upande wa ukutani, povu likaanza kuzama. Lilinyonywa kidogo kidogo mbele ya macho yetu hadi likabaki alama ndogo ya mviringo. Akalifuta kwa kidole. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Hii ilikazwa kupita kiasi," akasema. "Nani aliifunga?"

Hatukujibu upesi. Mwezi wa sita tulikuwa tumeisogeza pampu ile ili kutengeneza sakafu yake iliyobomoka. Hatukuita fundi, tukitaka kuokoa gharama. Elbo ile ya plastiki tuliikaza sisi wenyewe kwa spana ya bomba, na ilipoonekana haijakaa vizuri tukaongeza nguvu. Mikono iliyoipasua ilikuwa hii hii inayoinuliwa kila Jumapili kuwabariki watu. Ufa ulianza kidogo, ukaongezeka, na kisima kiliposhuka wakati wa kiangazi, hewa ikashinda. Kijana hakuhusika kwa lolote.

Fundi akafunga elbo mpya, akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi zake, akaikaza kwa mkono, kisha akaongeza kidogo tu kwa spana. "Plastiki haikazwi kwa hasira," akasema. Tukamimina ndoo ya pili ya jirani. Alipowasha, pampu ilikohoa kidogo, sauti yake ikawa nzito, na maji yakasikika yakianguka tangini. Ndoo za kwanza mbili tulimpelekea yule mama.

Jioni ile tulikaa kwa sala kama kawaida, lakini hatukuweza kufungua kitabu. Tulimwambia kijana wetu kwamba tumemhukumu bila kumsikiliza, kwamba kosa lilikuwa letu, na kwamba siku nne alibeba mzigo usiokuwa wake. Tukamwomba msamaha. Aliinamisha kichwa muda mrefu. Halafu akasema, "Baba mdogo, maji hayakuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mlisali kila jioni na hamkuniuliza." Mama mdogo wake akalia. Baadaye kijana akasema, "Yameisha," lakini tunajua kwamba maneno yale ya kwanza alitupa tuyatunze.

Tangu hapo tumekuwa tukilitafakari lile povu la sabuni. Dhambi zinazodondosha maji nje tunazifahamu upesi: mlevi anayumba njiani, mgomvi anasikika hadi kwa jirani. Baraza la wazee linakutana, mashauri yanafanyika. Lakini katika nyumba ya mchungaji, na katika nyumba za washarika waaminifu, nyufa nyingi ziko upande wa kuvuta. Nje ni pakavu na safi. Ibada inaendelea, kwaya inaimba, sadaka inahesabiwa, injini inanguruma. Ndani tunaingiza hewa: kiburi cha kutokubali kosa, haraka ya kumhukumu mdogo asiyeweza kujitetea, sala zinazosaliwa juu ya kichwa cha mtu tuliyemdhulumu. Kisha tunashangaa kwamba hakuna maji, na tunasema kisima kimekauka. Kisima hakikukauka.

Daudi katika Zaburi ya 19 anakiri kwamba mtu hawezi kuyaona makosa yake yote, naye anamwomba Mungu amsafishe hata yale yaliyofichika. Ombi hilo ni kumwomba Mungu apake povu. Wakati mwingine povu hilo huwa ni swali la fundi mzee, au sentensi moja ya kijana wa kidato cha tatu.

Na ufa ukishazibwa, pampu bado haiwezi kujianzisha. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatufundisha kwamba hatuwezi kumwamini Kristo kwa akili wala nguvu zetu wenyewe. Roho Mtakatifu ndiye anayetuita. Tumelikariri fundisho hilo tangu kipaimara, tukalifafanua chuoni, tukalifundisha kwa wengine. Lakini tulilielewa vizuri zaidi tukiwa tumesimama na ndoo isiyokuwa yetu. Maji ya kwanza daima yanatoka nje yetu. Tulimiminiwa siku ya ubatizo kabla hatujaweza kupandisha kitu chochote. Katekisimo hiyo hiyo inasema kwamba ubatizo unatudai turudi kila siku kwa toba, mtu wa kale afe, mtu mpya ainuke. Ni kufungua kizibo tena na kukubali kujazwa, hata kama mkono unaomimina ni wa jirani ambaye hatukumtegemea.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, ikiwa siku hizi unanguruma bila kutoa maji, usianze kwa kumtafuta wa kumlaumu, wala usiongeze nguvu kwenye spana. Chunguza upande wa kuvuta. Pengine kuna mtu nyumbani mwako ambaye mmesali naye kila jioni na hujamuuliza. Muulize leo, kabla ya sala.